Tumetupa wanga, hesabu yake tumebaki nayo

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, msinirushie mawe. UE ziko mlangoni, chumba chetu kina taa moja tu inayowaka vizuri, na msuli unapigwa kwa zamu. Leo nilipanga kusoma mpaka saa nane usiku lakini nimeshindwa. Kuna kitu kinanikereketa tangu Jumapili, na nisipokiandika sitasoma wala sitalala. Kwa hiyo leo hakuna vichekesho vya kantini, nivumilieni.

Jumapili jioni tulikuwa na ibada ya wanafunzi. Kulikuwa na mgeni. Sitamtaja jina, wala sitataja kikundi kilichomwalika, kwa sababu sina ugomvi na mtu, nina ugomvi na fundisho. Akasimama akasema anaona rohoni kwamba humu ndani kuna watu wanaogopa mitihani. Jamani! Wiki mbili kabla ya UE, ukumbi umejaa wanafunzi watupu, hata dereva wa bodaboda pale getini angeliona hilo bila kufunga hata nusu siku. Akaendelea: hofu ni dalili ya kutomwamini Mungu. Anayemtumaini Mungu kweli kweli hawezi kukamata sapu. Kisha zikapita bahasha, kila mtu apande mbegu kwa ajili ya matokeo yake. Bumu lilikuwa limeingia Alhamisi.

Jamaa ninayelala naye chumba kimoja, yule wa kitanda cha juu, alitoa elfu ishirini. Tangu Jumatatu anakula mlo mmoja, tena wa kukopa. Nilipomuuliza akaniambia, "We acha tu, mwaka jana nilikamata sapu mbili kwa sababu sikutoa."

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mpeni msomi huyu wa mwaka wa tatu, anayejua kukokotoa vitu ambavyo mimi hata kuvitamka siwezi, mpeni sapu mbili atafute chanzo chake. Hasemi alisoma usiku mmoja kabla ya mtihani. Hasemi alikuwa anaumwa malaria wiki ile, na mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Anasema ni elfu ishirini.

Lakini ningekuja hapa kumsema mgeni na jamaa yangu peke yao ningekuwa mnafiki. Fundisho lile nimewahi kulitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya vijana, tena nyumbani kwetu. Tofauti ni kwamba mimi sikupitisha bahasha.

Kwa wasiokujua kwetu: Kasanga iko kule kusini kabisa mwa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa. Wajerumani waliiita Bismarckburg. Ukitoka Sumbawanga unapita Matai, unaanza kuteremka kutoka kwenye uwanda wa juu wa Ufipa mpaka masikio yanaziba, halafu ghafla unaliona ziwa lote liko chini yako, na Zambia iko jirani tu hapo. Watu wa pale ni wavuvi na wakulima, na hakuna mmoja kati yao anayehitaji kuelezwa kwamba maisha hayatabiriki. Ziwa limeshawaeleza.

Mwaka jana mwezi wa tisa nilikuwa likizo. Msomi wa chuo kikuu kijijini, si mnajua mambo yanavyokuwa. Nikaombwa niongee na vijana kanisani, wengi wao kidato cha nne waliokuwa wanasubiri mtihani wa Novemba. Mada niliyopewa ilikuwa kumtumaini Mungu katika maisha ambayo hatujui ya kesho. Nikajiandaa siku mbili. Nikatoa mfano wangu: mimi mtoto wa mvuvi, nilimtumaini Mungu, na leo niko chuo. Nikafunga kwa kusema: mtumainini Mungu, matokeo yatakuja. Wakapiga makofi. Mama alitembea kifua mbele wiki nzima.

Januari matokeo yakatoka. Siku ya pili nikapata ujumbe kwenye simu kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa binti mmoja niliyemkumbuka vizuri, maana siku ile alikaa benchi la mbele na daftari, akiandika kila ninachosema. Alikuwa amepata sifuri. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo kaka. Nimefeli. Nilimtumaini kama ulivyosema. Nilikosea wapi?"

Nikaiweka simu chini. Sikumjibu siku tatu.

Angeuliza kwa nini Mungu anaruhusu watu wafeli, ningekuwa na la kusema, hata kama la kubabaisha. Hakuuliza hivyo. Yeye alishahitimisha kwamba kuna kosa, na kosa ni lake, lililobaki ni kulitafuta lilipo. Na aliyemfundisha kufikiri hivyo ni mimi. Ukimwambia mtoto kwamba akimtumaini Mungu matokeo yatakuja, halafu matokeo yasije, unamwachia jibu moja tu la kubaki nalo: hakumtumaini vya kutosha. Hata usipolitamka. Hesabu hiyo ataipiga mwenyewe, hata kama aliyafeli masomo mengine yote.

Sasa ngoja niwaambie nilichokuwa nakijua siku ile nikiwa nimesimama mbele yao. Nilijua shule anayosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Nilijua anatembea mbali kwenda shule, na akirudi jioni anasaidia kuanika dagaa mpaka giza linaingia. Nilijua nyumbani kwao hakuna taa ya kusomea. Nilijua pia kwamba mimi sikufaulu kwa kumtumaini Mungu peke yake. Nilikuwa na mjomba Sumbawanga mjini aliyenichukua nikiwa kidato cha kwanza, nikasoma shule yenye walimu, nikala kwake miaka minne bila kuulizwa. Yule mjomba sikumtaja. Niliona nikimtaja ushuhuda utapungua nguvu.

Yaani nilimpa Mungu sifa kwa kumnyang'anya mjomba, halafu yule binti asiye na mjomba nikamwachia lawama.

Mnajua jina la mji wetu linavyoelezwa? Wazee wanasema Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Nyie humu chuoni mnanitania kila siku kwa ajili ya jina hilo, eti niwaletee radi ya kumtuma kwa mhadhiri aliyewabana. Nimeshazoea. Lakini wiki hii nimelifikiria sana, kwa sababu uchawi, ukiacha hirizi na vibuyu, ni namna ya kupiga hesabu. Hesabu yake inasema hakuna baya linalotokea hivi hivi. Mtoto akiumwa, nani kamloga? Nyavu zikipotea, nani kazichukua usiku? Radi ikipiga nyumba, nani kaituma? Swali siku zote ni nani, na lazima apatikane. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu ya moshi wa kuni, na kuna nyumba ilikuwa inamtafuta "nani" wake.

Wamisionari walikuja, makanisa yakajengwa, misikiti ikajengwa, wengi wetu tukatupa wanga. Sawa. Lakini tazameni fundisho la Jumapili. Umefeli, nani? Huna kazi, nani? Mtoto wako amefariki, nani? Jibu: wewe, imani yako ndogo, sadaka yako ndogo, dhambi yako ya siri. Hesabu ni ile ile, tumebadilisha mshtakiwa tu. Zamani alikuwa bibi wa jirani, sasa ni mgonjwa mwenyewe, mfiwa mwenyewe, binti mwenye daraja sifuri mwenyewe. Tumetupa wanga, na hesabu yake tumebaki nayo. Halafu tunaiita kumtumaini Mungu!

Mtasema napotosha Maandiko. Haya, twende kwenye hayo Maandiko. Katika Injili ya Yohana wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali la wanga kabisa! Yesu anawajibu si huyu wala si wazazi wake. Katika Luka anawakumbusha watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akawauliza kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni hapana. Na Ayubu je? Rafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku saba walizofanya vizuri. Walipofungua midomo kumweleza kwamba lazima kuna kitu alikosea, ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika kurasa nzima.

Jamani, kitabu tunachokishika kila Jumapili kimelikataa fundisho hili waziwazi, sisi tunalihubiri tukiwa tumekishika mkononi.

Na si fundisho la kuchekea. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkusanyiko wa maombi, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kweli: magonjwa, madeni, biashara zilizokufa. Waliambiwa jibu liko pale chini, mtu akawahi kabla halijaisha. Mwaka 2023 kule Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengine watoto, watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Sisemi mgeni wetu wa Jumapili ni sawa na hayo. Ninachosema ni kwamba barabara ni moja, na kituo cha kwanza kwenye barabara hiyo ni pale mtu anapofundishwa kwamba kuuliza ni kutoamini. Ukishamnyang'anya kijana ruhusa ya kuuliza, hujui atakayemchukua mbele huko ni nani.

Najua mtakayonijibu, maana nimeshajibiwa chumbani. La kwanza: "Kwa hiyo hakuna miujiza?" Sijasema hivyo. Mtu akiniambia aliombewa akapona nafurahi naye na simwombi cheti cha daktari. Ninachokataa ni kugeuza zawadi kuwa mkataba. Zawadi haidaiwi. Ukishaanza kusema nimetoa elfu ishirini kwa hiyo Mungu ananidai B, hapo umeshahama kanisani uko dukani, tena duka lisilorudisha hela.

La pili, na hili ni zito zaidi: "Vijana wanahitaji matumaini. Ukiwaambia ukweli wote utawakatisha tamaa." Hili nililiamini hata mimi, ndiyo sababu sikumtaja mjomba. Lakini angalieni nani anakata tamaa kweli. Nina binamu yangu alimaliza shahada ya ualimu miaka kadhaa iliyopita. Aliahidiwa ajira na kila aliyemwombea. Ameombewa kwa tarehe: kabla ya Pasaka, kabla ya mwaka kuisha. Kila tarehe ilipopita akaambiwa aongeze. Sasa hivi anavua dagaa na baba yangu, na kanisani haendi tena. Nilimuuliza usiku mmoja tukiwa ziwani kwa nini. Akasema, "Kazi nilikosa mara moja. Pale kanisani nilikuwa naikosa kila Jumapili." Huyo hakukatishwa tamaa na ukweli. Alikatishwa na ahadi.

Na shuhuda zetu, hebu tuongee ukweli. Maiki anapewa nani? Aliyepata. Aliyefaulu, aliyepona, aliyepata visa. Miaka mitatu niko chuoni hapa, sijawahi kumwona mtu amepewa maiki aseme: niliomba, nilifunga, nilisoma, nikakamata sapu, na bado niko hapa na bado naomba. Mtu huyo yupo. Tena wapo wengi, wamekaa nyuma, wanapiga makofi kwa shuhuda za wenzao na wanajiuliza wamekosea wapi. Kwangu mimi huyo ndiye anayemtumaini Mungu. Aliyepata anaweza kuwa anayatumaini matokeo tu, hatujui bado, hajajaribiwa.

Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli, walipoambiwa watatupwa kwenye tanuru, walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa. Hiyo sote tunaihubiri. Wakaongeza kwamba hata asipowaokoa hawataisujudia ile sanamu. Hicho kipande cha pili ndicho imani yenyewe, na ndicho hakipati mahubiri.

Kwetu huko tunaye mtu ambaye ningependa afundishwe kwa kila kijana wa Rukwa na Katavi. Anaitwa Adrian Atiman. Alizaliwa mbali, huko ambako leo ni nchi ya Mali. Akiwa mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa utumwa, akavushwa jangwa, na huko Algeria akakombolewa na Mapadri Weupe. Akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, juu huko kando ya ziwa hili hili letu. Akaishi pale akitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67.

Sasa mpelekeni Atiman mbele ya mgeni wetu wa Jumapili. Mtoto anatekwa, nani alikosea? Imani ya nani ilikuwa ndogo, yake au ya mama yake? Mnaona swali lenyewe linavyotia aibu? Waliokosea ni waliomteka, basi. Na tazameni alivyoishi baadaye. Mgonjwa akija hakumwambia aongeze imani aende nyumbani. Alimtibu. Dawa kwake haikuwa mshindani wa sala. Huyu alikuwa na kila sababu ya kusema Mungu alimsahau, na pia alikuwa na kila sababu ya kusimama na kujisifu kwamba Mungu alimpendelea kuliko watoto wengine waliotekwa naye. Miaka 67 ya kuwahudumia watu wa kijiji kisicho chake naiona ni jibu zuri kuliko yote mawili.

Wenzangu Waislamu mnanielewa, maana tawakali mmefundishwa hivyo hivyo: mfunge ngamia wako kwanza, ndipo umtegemee Mungu. Baba yangu hajasoma vitabu hivyo lakini ndivyo anavyofanya. Kabla ya kusukuma mtumbwi anavua kofia anaomba. Lakini kabla ya kuomba ameshaangalia mawingu, ameshaziba ufa, ameshaangalia taa. Na upepo wa kusini ukianza kuchafuka anarudi mikono mitupu, hasemi kurudi ni kukosa imani. Wapo waliosema hivyo. Hawapo tena.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, maana walikuwa wanapungua. Miezi mitatu. Mtu aliyekopa hela ya nyavu alikaa anaangalia maji. Palikuwa na kilio cha kweli. Lakini sikusikia nyumbani mtu akitafuta mchawi wa jambo lile, wala akiambiwa kwamba imani yake ndogo ndiyo iliyofunga ziwa. Kila mtu alijua chanzo. Watu wakakaa wakapanga: huyu akapanda shambani, huyu akauza mbuzi, huyu akamkopesha jirani unga. Na jioni wakaomba. Nikajiuliza, kwa nini akili hii tunaikubali kwa samaki na kuikataa kwa mtoto aliyefeli? Shule isiyo na mwalimu wa hesabu nayo ina chanzo kinachojulikana. Ukimwambia binti ni imani yake, umemsamehe kila aliyepaswa kumletea mwalimu. Fundisho hili linawafaa sana wenye madaraka, sijui kama mmeliona hilo.

Basi niseme ningefundisha nini kama ningerudishiwa ile siku ya Septemba.

Nilipokuwa mdogo, Liemba ilikuwa bado inatembea. Ile meli ya Wajerumani, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe 1916 kwenye vita, Waingereza wakaiibua 1924 na kuirudisha kazini 1927. Ilikuwa inafika Kasanga ikielekea Mpulungu, na ratiba yake ilikuwa ya kuambiwa tu. Inasemekana Ijumaa. Ijumaa inapita. Bibi yangu alikuwa anasafirisha dagaa, na kila safari aliondoka nyumbani na magunia yake, sufuria ndogo, unga kidogo na blanketi. Wafanyabiashara wageni walikuwa wanakuja na begi la mkononi, na ikifika usiku wanaanza kutukana. Bibi anatandika chini, anapika uji, anawapa na wao.

Nilimuuliza siku moja, bibi, una uhakika meli inakuja? Akasema inakuja. Saa ngapi? Akanitazama kama vile nimeuliza upuuzi. "Ningekuwa najua saa, blanketi ningebeba la nini?"

Hiyo ndiyo semina nzima. Bibi aliamini meli inakuja, na kwa sababu hakujua saa alijiandaa kulala gatini. Sisi tunawafundisha vijana kwamba mwenye imani hahitaji blanketi. Tunawapa saa, tunawapa tarehe, tunawapa mpaka daraja la ufaulu, na baridi ikiwapiga usiku tunawaambia wametetemeka kwa sababu hawakuamini.

Kwa hiyo tukitaka kuwafundisha vijana kumtumaini Mungu, tuanze kwa kuwaambia kile ambacho Mungu hakukiahidi. Hakuahidi B. Hakuahidi ajira kabla ya Pasaka. Tuwaonyeshe vyanzo vya mambo tunavyovijua, na tuwataje wajomba waliotubeba. Tuwape ruhusa ya kulia na kulalamika, maana zaburi nyingi ni malalamiko na bado zimo kitabuni. Maiki tumpe na aliyekosa. Na mtu akianguka tukae naye chini kwanza, hata siku saba, kabla ya kufungua midomo yetu. Kuna mengi ya maisha ambayo baada ya kutafuta vyanzo vyote bado yatabaki giza, na humo ndimo anapohitajika Mungu wa kukaa naye. Lakini tusilikuze giza kwa makusudi ili tupate pa kupitisha bahasha.

Yule binti nilimpigia siku ya nne. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayaacha. Nikamwambia, mdogo wangu, hukukosea popote katika kumtumaini. Mimi ndiye niliyekosea kusema. Nikamweleza habari za mjomba, za mwalimu wa hesabu, zote. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hajanikasirikia?"

Nikasema hapana.

Akavuta pumzi, akaanza kuniuliza bei ya dagaa huku mjini, maana mama yake anataka kutuma gunia. Tukaongea dagaa dakika kumi. Sasa hivi amejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, asubuhi anasoma, jioni anaanika. Sijui kama atafaulu. Sijamwambia atafaulu. Nimemtumia vitabu viwili vya hesabu kwa basi, na binamu yangu yule mwalimu asiye na ajira anamfundisha Jumamosi, wakiwa wamekaa juu ya mitumbwi iliyogeuzwa.

Jamaa wa kitanda cha juu amelala, ameacha daftari wazi kifuani. Zamu ya taa ni yangu. Kesho asubuhi nitamwamsha mapema tupitie zile sura mbili zinazomsumbua, na chai itakuwa juu yangu mpaka mitihani iishe. Nanyi wenye maneno ya kunipinga semeni, nitawajibu baada ya UE. Kama nami sitakuwa na sapu, na kama nitakuwa nayo pia.

Usiku mwema wadau.